Pimbi Mwenye Koti la Kijani

Mimi na wifi yangu hatukugombana. Hilo nataka lieleweke mapema, maana watu wa mtaani kwetu wanapenda kutia chumvi. Kugombana ni watu wawili wafoke, warushiane maneno, majirani wachungulie madirishani. Sisi tuliacha tu kusalimiana, na tukaacha kwa mwaka mmoja na miezi minne. Kwa watu wanaoishi mitaa miwili jirani na kununua mkate duka moja, hiyo si kazi ndogo. Inataka bidii. Nilijua saa zake za kupita dukani, naye alijua zangu, na kila mmoja aliipanga siku yake vizuri ili asimwone mwenzake.

Chanzo kilikuwa kabati. Mama mkwe alipofariki, kabati lake la nguo lilibaki nyumbani kwetu kwenye chumba cha nyuma, limeziba dirisha lote. Mimi ni dobi. Nina duka la kufua na kupiga pasi, na wakati ule meza yangu ya pasi ilikuwa inayumba kiasi kwamba kola za wateja zilitoka na mikunjo ambayo hawakuja nayo. Nikamwita seremala. Akaligonga lile kabati huku na huku, akasema mbao kama hizi siku hizi hazipatikani. Baada ya siku tatu nikawa na meza ya pasi ambayo ungeweza kucheza ngoma juu yake isitikisike. Sikumuuliza mtu.

Jumapili wifi yangu akaja kutusalimia, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akakuta dirisha. Alisimama pale muda mrefu akitazama nje, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nilijua kwamba ndani ya mlango wa lile kabati mama yake alikuwa akimpima urefu kwa penseli kila mwaka, tangu akiwa na miaka mitatu mpaka kumi na miwili. Sikujua. Ningesema tu sikujua, wifi, nisamehe, tungelia kidogo na mambo yangeishia pale. Badala yake nikamwambia kwamba chumba sasa kina mwanga.

Ndiyo, nilisema hivyo. Akachukua mkoba wake akaondoka, na chai yake ikabaki mezani inapoa.

Sasa sikilizeni, kuna jambo ambalo hata mume wangu sikumwambia. Miezi minane baadaye nilikuwa chini ya ile meza natafuta kifungo cha shati la mteja. Nikainua macho. Ubao wa chini, ule seremala aliouweka kushikilia miguu, ulikuwa na mistari ya penseli, na kando ya kila mstari mwandiko wa mama mkwe: miaka sita, miaka saba, miaka minane. Nikakaa pale sakafuni mpaka mteja akaja kuuliza shati lake. Ningeufungua siku ile ile nikampelekea mwenyewe. Lakini kumpelekea ilikuwa sharti nifungue mdomo, na mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kununa. Kwa hiyo niliendelea kupiga pasi juu ya utoto wa wifi yangu, kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi.

Huyo wifi yangu ni karani wa tiketi stesheni. Ni mfupi, anatembea kifua mbele, ana sauti ya kutangaza treni hata akiomba chumvi. Na ana kichaa kimoja tu: vyura. Nje kidogo ya mji kuna barabara, upande mmoja msitu, upande wa pili bwawa. Kila majira ya kuchipua, baridi inapoanza kulegea, vyura wanavuka ile barabara, na magari yanawafanya chapati. Mama mkwe alikuwa akimpeleka kule na ndoo tangu utotoni, kuwaokota na kuwavusha. Alipokuwa mtu mzima akaunda kikundi cha kujitolea cha kuwavusha na kuwahesabu, na kwa miaka minne amekuwa akiiandikia ofisi ya barabara barua. Anachotaka ni kizuizi tu, barabara ifungwe kuanzia jioni mpaka asubuhi kwa wiki zile chache. Ofisi ikamjibu kwamba ikiwa watahesabiwa vyura mia tatu katika msimu mmoja, watafunga. Mwaka wa kwanza walipatikana mia na themanini. Wa pili mia mbili. Wa tatu mia mbili na arobaini. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho. Barua ilisema wasipofika mia tatu, jalada linafungwa na wasisumbuliwe tena.

Kikundi chenyewe kilikuwa kimebaki mtu mmoja. Mmoja alihama, mwingine akaoa, wa tatu akasema mgongo. Wifi yangu aliweza kufanya zamu ya jioni akitoka kazini, lakini ya alfajiri hakuwa na mtu. Mume wangu alikuja nyumbani akaieleza habari hiyo akiwa anaitazama sahani yake, si mimi. Yeye ni fundi rangi, mtu mpole, na katika mwaka ule mmoja na miezi minne alikuwa amejifunza kuongea na sahani. Nikamwambia amwambie dada yake kwamba alfajiri nitakwenda mimi. Akauliza aseme ni kwa nini. Nikamwambia aseme nataka kupunga hewa.

Ukweli ni kwamba nilitaka kumlipa kabati lake bila kulitaja. Niliona ni mpango mzuri sana. Ningemsaidia apate kizuizi chake, naye angejua moyoni mwake ni nani aliyemsaidia, na hakuna ambaye angelazimika kuomba radhi. Nilijipongeza kwa akili hiyo.

Kulikuwa na mafunzo, Jumamosi moja, kwenye chumba cha juu cha maktaba. Aliyefundisha ni mtaalamu wa wanyama, kijana mrefu mwenye miwani ambaye wote tulimwita Bwana Takwimu. Wifi yangu alikuwa anayafungua mafunzo halafu anawahi zamu stesheni, kwa hiyo mimi nilikaa ng'ambo ya barabara kwa kinyozi, nimejificha nyuma ya gazeti, mpaka nilipomwona anatoka. Kinyozi aliniuliza mara mbili kama nanyoa. Nilipoingia maktaba kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha. Nikakaa mbele, nikaandika kila neno la kipindi cha pili kwa herufi kubwa: wakimaliza kutaga wanarudi msituni, ukiwakuta upande wa bwawa wavushe kuelekea msituni. Nikapigia mstari chini yake. Mara mbili.

Basi nikaanza. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, koti langu la kijani la mvua, glavu za kufulia, ndoo. Kwenye majani ya upande wa bwawa nilikuwa nawakuta vyura wamejazana, wamekaa, wananitazama na yale macho yao ya mtu aliyeamshwa. Nawatia ndooni, navuka, nawamwaga taratibu upande wa msitu, nawaambia haya, nyumbani. Siku ya kwanza ishirini na mmoja. Ya pili ishirini na saba. Nilirudi dukani natembea kifua mbele mwenyewe, na nilipiga pasi siku hiyo huku naimba, jambo ambalo wateja walilalamikia.

Hesabu tuliandika kwenye daftari moja lililokaa ndani ya kopo la biskuti, chini ya benchi la kituo cha basi. Kila zamu ilikuwa na ukurasa wake: idadi, maelezo, na safu ya mwisho iliyoandikwa "Wanyama wengine walioonekana kwa bahati". Bwana Takwimu aliipenda sana safu hiyo. Alisema mambo makubwa mara nyingi huonekana na mtu aliyekuwa anatafuta kingine. Siku za mwanzo nami niliijaza kwa uaminifu. Niliona kalunguyeye akivuka bila kutazama kulia wala kushoto. Niliona bundi ameketi juu ya alama ya kupunguza mwendo. Asubuhi moja mbweha alitoka kichakani, akasimama hatua chache kutoka kwangu, akainusa ndoo, akaniangalia kama mteja anayekadiria kama nitafua vizuri, akaenda zake. Nilitetemeka kwa furaha na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Siku ya nne, kwenye ukurasa wa wifi, kwenye safu ya bahati, nikakuta imeandikwa: "Pimbi mmoja, koti la kijani. Huonekana alfajiri tu. Akihisi mtu anakuja, hukimbia."

Nilisoma mara tatu. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika kwenye ukurasa wangu: "Bata mzinga mmoja. Miguu mifupi, kifua mbele. Hajaonekana, lakini husikika kutoka stesheni."

Kuanzia hapo, nakiri, nilikuwa naamka na hamu. Pimbi akaonekana akiweka ndoo mahali pasipo pake. Bata mzinga akaonekana akisahau kufunga kopo. Pimbi akawa haambiliki, bata mzinga akawa anajiona kasuku. Ukurasa wa wifi niliufungua kila siku, nikaruka idadi, nikaruka maelezo, nikaenda moja kwa moja kwenye matusi yangu. Naye, kwa jinsi alivyokuwa akijibu, alifanya vivyo hivyo. Ilikuwa ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza tangu kabati.

Kila jioni mume wangu alikuwa na kazi ya kumpigia simu Bwana Takwimu, ampe jumla ya siku na vilivyoonekana kwa bahati. Alisoma vyote, pimbi na bata mzinga, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za rangi. Alijua vizuri sana nani ni nani. Lakini kwa kuogopa pande zote mbili, hakuthubutu kucheka wala kuruka mstari.

Siku ya kumi na mbili jumla ilifika mia sita na nne. Bwana Takwimu alishindwa kujizuia, akapiga simu mwenyewe akasema hajawahi kuona msimu kama huu, na kwamba Ijumaa anaipeleka hesabu hiyo kwa ofisa wa barabara na kizuizi ni chetu. Mume wangu alinisimulia kwamba dada yake alipoambiwa alikaa chini kwenye ngazi za stesheni na kofia ya kazi kichwani, akafuta macho kwa tiketi. Usiku ule nililala usingizi wa mtoto.

Sasa kuna chura mmoja. Jumamosi kabla ya simu ile mume wangu alikuwa amepewa kazi ya kulipaka rangi benchi la kituo, rangi ya samawati, na alipogeuka kunywa maji chura mmoja alipita ndani ya trei ya rangi akatokea upande wa pili, mgongo wote wa buluu. Jumapili alfajiri nikamkuta kwenye majani ya upande wa bwawa. Nikacheka, nikampeleka msituni. Jumatatu nikamkuta pale pale. Jumanne pale pale. Nikaanza kumsema. Nilimwambia wenzako wote wanajua kwao, wewe peke yako huna adabu, unazurura. Jumatano nilimkuta tena, ameketi na mgongo wake wa samawati, amechoka, na safari hii hata hakujitikisa nilipomshika.

Nilifungua daftari nimwandikie maelezo yake. Ukurasa ukageuka kwa upepo, na kwenye mwandiko wa wifi yangu jicho likanasa neno samawati. Nikajua anaisema kazi ya mume wangu, kwamba benchi limepakwa vibaya. Nikasoma ili nikasirike.

Haikuwa kwenye safu ya bahati. Ilikuwa kwenye maelezo, mahali ambapo sikuwahi kusoma. Jumamosi jioni: mmoja ana rangi ya samawati mgongoni, katoka msituni, nimemfikisha bwawani salama. Jumapili jioni: wa samawati tena, katoka msituni. Jumatatu: wa samawati tena, sielewi. Jumanne: wa samawati. Maskini, kuna kitu kinamrudisha.

Nikaketi kwenye benchi. Rangi ilikuwa imeshakauka, nashukuru. Nikamtazama yule chura ndani ya ndoo na yeye akanitazama, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba kati yetu wawili kuna mmoja ambaye amekuwa akielewa mambo tangu mwanzo.

Lakini bado sikuwa na hakika, nikamrudisha msituni kama kawaida. Dukani nilimpigia simu Bwana Takwimu. Nilizunguka. Nikamuuliza habari za afya, za kazi, halafu kama vile nimekumbuka tu, nikamuuliza majira haya vyura huwa wanaelekea wapi. Akasema bwawani, kutaga, kama alivyoeleza kipindi cha kwanza. Kurudi msituni bado wiki tatu. Nikamuuliza, je, ikitokea mtu, mtu yeyote tu, akawa anawatoa bwawani kila alfajiri na kuwarudisha msituni? Akacheka sana. Akasema hao watavuka tena jioni, na tena, watahesabiwa mara sita sita, mayai hawatataga, wengine watakufa kwa uchovu, na ile hesabu itakuwa haina maana hata ya kufungia karanga. Kisha akasema amefurahi nimepiga, kwa sababu ana swali kuhusu yule pimbi. Pimbi hawapo sehemu hizi. Alikuwa anafikiria kuja kumtegea kamera.

Nikamwambia asijisumbue, pimbi anajulikana.

Siku hiyo nilichoma mashati mawili. Niseme ukweli, mawazo ya kwanza hayakuwa mazuri. Niliwaza kwamba nikinyamaza, Ijumaa ni keshokutwa, mia sita na nne zinakwenda ofisini, kizuizi kinawekwa, wifi yangu anapata alichokipigania miaka minne, na mimi kuanzia kesho nalala mpaka saa moja kama binadamu. Nani angejua? Lakini akilini nilimwona yule wa samawati anapanda tena barabara jioni ile, kwa miguu, kwa mara ya tano. Na nilimwona wifi yangu anamwokota na kumwandika: sielewi. Nikajiona nimeshawahi kumfanyia hivi. Nilichukua kitu chake bila kuuliza, nikakivuruga, nikasema kina mwanga.

Mume wangu alipopita dukani saa sita nikamweleza yote, nikamwomba aende akamwambie dada yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha yule mtu wa kuongea na sahani akanitazama usoni.

"Mama watoto," akasema, "mimi ni fundi rangi. Hii nenda mwenyewe."

Nikamwomba bisibisi.

Nilifunga duka mapema, nikaingia chini ya meza, nikafungua skrubu nane. Ubao niliufunga kwenye shuka jipya lililopigwa pasi. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa kituoni, jua bado lipo juu ya bwawa, na wifi yangu alikuwa anatokea upande wa msitu na ndoo mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili. Aliponiona akasimama. Nami miguu yangu, kwa mazoea, ilianza kugeuka kuondoka. Nikaizuia.

"Wifi," nikasema, "yule chura wa samawati, kinachomrudisha msituni ni mimi."

Aliweka ndoo chini. "Yeye peke yake?"

"Wote."

"Wangapi?"

"Mia mbili tisini na tatu."

Gari likapita. Tulisubiri limalize. Alikuwa anapiga hesabu, niliona midomo yake ikicheza, mia sita na nne ikipungua mpaka ikawa kitu kisichojulikana. Nilimweleza maktaba, kinyozi, gazeti, kipindi cha pili. Nilipofika kwenye mstari niliopiga mara mbili, alifumba macho.

"Kuna kingine?" akauliza.

"Kabati."

"Makabati mangapi?"

"Kabati moja," nikasema. "Wifi, nilikosa. Nilijua siku ile ile kwamba nimekosa, nikasema habari za mwanga. Naomba unisamehe."

Nikafungua shuka, nikaulaza ubao kwenye benchi. Nikamwambia ulikuwa chini ya meza yangu ya pasi na kwamba nimeujua kwa miezi minane. Hilo nalo nililisema. Sikutaka kubakiza kitu ndani kikaniwasha tena.

Wifi yangu aliketi. Alipitisha kidole kwenye mstari wa miaka sita, akapanda wa saba, akafika wa nane, akakaa hapo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mimi nilisimama na ndoo yake kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono.

"Hapa niliiba," akasema. "Nilisimama kwa ncha za vidole. Mama aliona, akachora hivyo hivyo."

Nikamwambia ndiyo maana baada ya hapo hakurefuka. Ilinitoka tu. Akanitazama, nikadhani nimeharibu tena, kisha akacheka ile sauti ya stesheni mpaka ndege wakaruka kwenye matete. Alicheka na kulia vyote pamoja, nami nikaingia hapo hapo, na dereva mmoja akapunguza mwendo kutushangaa.

Alipotulia alitoa daftari kwenye kopo. Nilijua anachofikiria, kwa sababu nami nilikuwa nimekifikiria mchana kutwa: Ijumaa, ofisa, mia sita na nne. Akachora mstari mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini, ukurasa wangu na wake, siku zote kumi na mbili.

"Hesabu hii hatuiibi," akasema. "Tunaanza sifuri. Shika ndoo, wifi. Wa bwawani, bwawani."

Bwana Takwimu tulimpigia simu pamoja. Alisogeza mkutano mpaka mwisho wa msimu, siku tisa mbele, na siku hizo tisa tulizifanya wote wawili, alfajiri na jioni. Mvua ilinyesha mbili kati yake, na vyura wakatoka msituni kama watu waliosikia treni ya mwisho inatangazwa. Meza yangu ilikuwa inayumba tena na kola za wateja zikarudia mikunjo yake. Waliolalamika niliwaambia ni mambo ya ukoo. Wa samawati alivuka Jumatano ile ile. Wifi yangu alimbeba mkononi, si ndooni, na mimi nilitembea mbele nikisimamisha magari. Tulimwacha ukingoni mwa maji. Akakaa kidogo, nadhani akisubiri nimrudishe, kisha akatumbukia.

Tulipata mia mbili themanini na saba.

Jioni ya mwisho tulikaa hapo kituoni mpaka kiza kikaanza kuingia tukitafuta kumi na watatu. Hawakuwepo. Wifi yangu aliandika mia mbili themanini na saba kwa mwandiko mzuri, akafunga daftari, na wala hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa sababu nilijua hao kumi na watatu wako wapi. Walichoka mikononi mwangu.

Ofisini tulikwenda wote watatu, mimi, wifi yangu na Bwana Takwimu. Ofisa wa barabara, mwanamke mwenye miwani shingoni, aliitazama hesabu akasema kwa masikitiko kwamba haifiki. Bwana Takwimu akamwomba asome pia kurasa zilizofutwa. Alisoma. Alipofika kwa wa samawati akarudi nyuma, akafuatisha kwa kidole, siku moja baada ya nyingine, akauliza kama ni kweli chura huyu alirudishwa mwanzo mara nne na akavuka tena barabara ile ile kila jioni. Nikasema ni kweli, aliyemrudisha ni mimi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nilikuwa siongei na wifi yangu. Ofisa alivaa miwani akanitazama vizuri, akamtazama wifi yangu, na nadhani alikuwa anamfikiria mtu wake mwenyewe. Mwisho akasema, kumbe hawa hata wabebwe warudishwe, watakuja tu, na gari linalowasubiri ni lile lile. Akatia sahihi kizuizi cha majaribio, msimu mmoja. Ukifika mwaka wa pili, akasema, tutaonana.

Ripoti ya Bwana Takwimu ilitoka mwezi uliofuata. Niliisomea dukani, nimesimama, mkono mmoja kwenye meza ili isicheze. Kalunguyeye, mmoja. Bundi, mmoja. Mbweha, mmoja. Bata mzinga alimtoa, alisema haikuthibitishwa. Lakini pimbi alimwacha, na kando yake alikuwa amenakili maneno ya mwisho ya daftari kumhusu, ambayo mimi sikuwa nimeyaona, kwa sababu jioni ile ya kwanza niliposhika ndoo wifi yangu alibaki nyuma kidogo kwenye benchi akiandika.

"Pimbi yule yule, koti la kijani. Saa kumi na mbili jioni. Nimemkaribia. Hakukimbia."